Kuuza kamera uliyoitumia na kununua inayofuata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wapigapicha wa harusi, sendofu, mahafali na studio ndogo, watu ambao kamera ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Wengi wao wana DSLR za Canon (kamera zenye kioo ndani), kwa hiyo mifano mingi hapa ni ya Canon, lakini wenye Nikon na Sony nao watapata chao. Bei za shilingi sikuziweka kwa makusudi. Zinabadilika kila dola inapopanda au kushuka, na bei ya Kariakoo siyo ya Luthuli jijini Nairobi.

Nitajuaje kwamba wakati wa kubadilisha kamera umefika?

Utajua pale utakapoweza kutaja picha inayokushinda. Fungua kazi zako tatu au nne za mwisho, zile faili ambazo mteja hakuziona, ujiulize kila moja ulitupa kwa nini.

Kama nyingi zimetikisika kwa sababu ukumbi ulikuwa na giza, tatizo lako la kwanza ni lenzi. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ukivuta hadi 55, inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa sokoni, inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Picha iliyokuwa inataka sekunde 1/15, ambayo bwana harusi akicheza tu imeharibika, sasa unaipiga kwa 1/125 na inatulia. Hakuna bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) itakayokupa badiliko kubwa hivyo kwa hela ndogo hivyo.

Kama picha ni angavu na haikutikisika, ila fokasi imeshika ukuta wa nyuma badala ya macho ya bibi harusi, hapo ndipo bodi inapohusika. Canon 5D Mark II ina pointi 9 za fokasi, 6D ina 11, na katika hizo 11 ni ile ya katikati tu inayotegemeka gizani. Ukitoka hapo kwenda kamera inayotambua jicho na kulifuata mtu anapotembea, utaona tofauti usiku wa kwanza.

Kama uso umekuwa mweusi na shela imeungua, au rangi ya ngozi imekuwa ya machungwa, usiuze kitu. Nunua flashi, jifunze kuielekeza darini, halafu tuzungumze tena.

Kamera yangu ina megapikseli 18 tu. Hazijapitwa na wakati?

Hapana. Canon 600D na 700D hutoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456. Ukiichapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unapata karibu sentimita 44 kwa 29, yaani ukubwa wa A3. Albamu nyingi za harusi hazifiki hapo. Usimuuzie mtu kamera nzuri kwa sababu ya namba hii peke yake.

Nasikia DSLR zinakufa. Niuze haraka kabla hazijakosa bei?

Ni kweli watengenezaji wamehama. Canon walianza mfumo wa lenzi za EF mwaka 1987, na mwaka 2018 wakaleta mfumo mpya wa RF kwa ajili ya kamera zisizo na kioo ndani, hizi tunazoziita mirolesi. Nikon nao waliingiza mfumo wa Z mwaka huohuo. Sony walikuwa wameshatangulia na mlango wao wa E tangu 2010.

Lakini bei ya kamera haianguki kwa mwendo mmoja. Anguko kubwa huja mwanzoni. Canon 5D Mark III ilitoka mwaka 2012 kwa dola 3,499 kule Marekani. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ilishaondoka zamani, na sasa inashuka taratibu. Anayekutisha kwamba mwezi ujao haitakuwa na mnunuzi mara nyingi ndiye anayetaka kuinunua.

Kinachopaswa kukuharakisha ni uchakavu. Kamera inayopiga ina bei ya kamera. Shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga, ikishakufa kamera ina bei ya spea, na hapo fundi ndiye anayekupangia. Kwa hiyo uza wakati bado inafanya kazi mfululizo, kabla haijaanza kukuonyesha ujumbe wa hitilafu katikati ya shughuli.

Wanunuzi wananiuliza "shata kaunti". Ni nini, na naipataje?

Ni idadi ya mara ambazo shata imefunguka tangu kamera itoke kiwandani. Watengenezaji hutaja idadi ambayo shata imejaribiwa kufikia: Canon 6D na 80D ni 100,000, 5D Mark III na Nikon D750 ni 150,000, Sony A7 III ni 200,000, Canon R6 ni 300,000. Hiyo siyo tarehe ya kufa. Zipo zinazopita mbali na zipo zinazoharibika mapema, lakini mnunuzi ataitumia kukushusha bei, na ana haki.

Kwenye Nikon namba hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha. Piga picha moja ya JPEG, usiihariri wala kuituma kwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hufuta taarifa hizo, kisha ifungue kwa programu inayosoma taarifa za picha. Kwenye DSLR za Canon namba haimo ndani ya picha. Unachomeka kamera kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kutumia programu maalumu ya kuisoma. Mafundi wengi wa kamera wanayo.

Jina la faili, mfano IMG_4512, siyo ushahidi wa chochote. Likifika 9999 linaanza upya, na mtu anaweza kulirudisha mwanzo wakati wowote.

Jambo moja husahaulika: kamera iliyorekodi video miaka mingi inaweza kuwa na namba ndogo sana, kwa sababu video ya saa nzima haiongezi mipigo kama picha. Namba ndogo kwenye kamera ya mtu wa video haimaanishi kwamba kamera imepumzika.

Niiandae vipi kabla ya kuitangaza?

Anza na yaliyomo ndani, kisha usafi.

Kadi ya memori baki nayo. Kuifomati kwenye kamera hakufuti picha kwa kweli. Programu za kurudisha faili zinazipata, na ndani yake kuna sura za wateja wako, watoto wao na nyumba zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, lakini hata bila sheria, watu walikuamini. Kadi ni kitu cha bei ndogo. Mnunuzi atanunua yake.

Ingia kwenye menyu ufute jina la mmiliki na la mwenye hakimiliki. Wengi hawakumbuki kwamba waliliandika, halafu mnunuzi anapiga picha miaka miwili zikiwa na jina la mtu mwingine. Futa pia mitandao ya Wi-Fi na simu zilizounganishwa, kisha rudisha mipangilio yote ya kiwandani.

Halafu piga ukuta mweupe au anga kwa f/16 au f/22, nje ya fokasi kidogo. Madoa meusi yakionekana, ni vumbi kwenye kihisi, kile kinachonasa picha ndani ya bodi. Pampu ya mkono ya kupulizia huondoa mengi. Yanayogoma mpelekee fundi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha alama mbaya kuliko vumbi lenyewe. Raba ya kushikia iliyovimba na kubanduka inagharimu kidogo kubadilishwa, nayo hupandisha hadhi ya kamera machoni pa mnunuzi kuliko unavyodhani.

Tafuta boksi, chaja halisi, mkanda, kifuniko cha bodi na risiti. Risiti ni muhimu kuliko boksi.

Nipange bei gani?

Usitazame bei za matangazo peke yake. Tangazo ni ndoto ya muuzaji. Lililokaa miezi mitatu lina bei ambayo watu wameikataa. Waulize wenzako waliouza modeli kama yako karibuni walipokea ngapi mkononi. Uliza na duka moja au mawili wangekupa ngapi wakiinunua leo. Bei ya duka ndiyo sakafu yako, na bei ya mtu aliyemuuzia mwenzake moja kwa moja ndiyo dari. Weka bei karibu na dari, uache nafasi ya maelewano, maana hapa kwetu anayekataa kabisa kupunguza huonekana hataki kuuza.

Betri ya tatu, begi, filta na stendi haziongezi bei sana ukizijumlisha kwenye bodi. Ziuze kando, au zishike kama kitu cha kuongezea mnunuzi anapong'ang'ania punguzo.

Tangazo liweje?

Liwe na ukweli wa kutosha mtu aamue kabla ya kupiga simu. Mfano:

"Canon 700D, bodi na lenzi 18-55 STM. Nimeitumia mwenyewe tangu mpya, risiti ipo. Shata 38,000, naonyesha kwenye kompyuta. Betri mbili, moja inaishiwa mapema. Mkwaruzo upande wa kushoto, picha ya nne. Kihisi kisafi. Nipo Sinza, kukagua unaruhusiwa hata saa nzima. Bei ina maelewano kidogo."

Piga picha za kamera yenyewe, dirishani, mchana. Picha ya kuchukua mtandaoni inawafukuza wanunuzi makini na kuwabakiza madalali. Weka na picha mbili ambazo kamera hiyo imepiga, bila kuhariri. Namba ya siri ya bodi (yaani serial namba yake, iliyoandikwa chini) ifunike tarakimu za mwisho.

Taja majina yake yote. Hiyo 700D Marekani inaitwa Rebel T5i na Japani inaitwa Kiss X7i. Kamera ni ileile, lakini anayetafuta kwa jina moja hataiona iliyoandikwa kwa jingine.

Lenzi ina fangasi. Nikisema si nitakosa mnunuzi?

Utamkosa huyo mmoja, utampata mwingine kwa bei inayolingana na hali yake. Ukificha, atamulika kwa tochi ya simu, aone utando kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, na kuanzia hapo hataamini hata shata uliyomwonyesha.

Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba, tunaishi na unyevu mwaka mzima, na lenzi inayolala ndani ya begi la ngozi kabatini hupata fangasi hata kama ni ya gharama. Lenzi ambayo bado hujaiuza iweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika, na uitoe itumike mara kwa mara. Fangasi kidogo pembeni mara nyingi hauonekani kwenye picha. Ukishaenea katikati, picha inapoteza ukali na taa zinatoa ukungu. Fundi anaweza kusafisha, ila ukikaa sana unakula rangi ya kinga ya kioo na alama yake haitoki.

Nimpokee mnunuzi wapi, na malipo yawe vipi?

Mahali pa watu, mchana, penye kiti na meza: mgahawa, ukumbi wa benki, dukani kwa fundi mnayemwamini wote wawili. Usiende peke yako. Nyumbani hapana, hata kama sauti yake kwenye simu ni ya mtu mpole.

Akilipa kwa simu, meseji siyo malipo. Meseji za uongo zinatengenezwa zikafanana na za kweli hadi nukta. Angalia salio kwa menyu yako mwenyewe, na kamera isitoke mkononi mpaka salio limesoma. Tahadhari nyingine ni kurudishwa kwa muamala: mtu analipa, anachukua kamera, kisha anauambia mtandao kwamba alikosea namba. Kinga yake ni hati ya mauziano iliyosainiwa, yenye kiasi, saa na namba ya muamala. Kwa kiasi kikubwa mimi hupendelea benki: mnaenda pamoja, anaweka kwenye akaunti yako, mnaagana mlangoni.

Hati ya mauziano inahitajika kweli kwa kamera?

Inahitajika, tena kwa faida ya wote wawili. Karatasi moja inatosha: majina, namba za vitambulisho, modeli, namba ya siri ya bodi na ya kila lenzi, kiasi, tarehe, sahihi, na shahidi mmoja. Kila mtu abaki na nakala.

Kamera huibiwa sana, kwenye daladala na kwenye kumbi. Aliyeibiwa akiwa na namba ya siri ataripoti polisi, na siku kamera itakapokutwa kwako utaulizwa uliipata wapi. Ndiyo maana wakati wa kununua ulinganishe namba iliyo chini ya bodi na ile inayosomeka ndani ya taarifa za picha. Zikitofautiana, au iliyo chini imekwanguliwa, mrudishie kamera yake na uondoke.

Duka linasema nilete kamera yangu niongeze hela nichukue nyingine. Ni sawa?

Inategemea unaharakia nini. Duka lazima libaki na faida ya pande zote mbili: linanunua yako kwa chini na kukuuzia yao kwa juu. Unachonunua hapo ni muda na usalama, maana unatoka na kamera siku hiyohiyo na mara nyingi na waranti fupi. Uliza bei mbili kando: "Hii mnainunua ngapi taslimu?" na "Ile mnaiuza ngapi taslimu?" Ukishapewa jibu moja tu la "ongeza kiasi fulani", huwezi kujua umeibiwa wapi.

Dalali naye ana kazi yake, hasa kama huna muda, lakini mkubaliane kwanza: anachukua asilimia, au unampa bei yako na kinachozidi ni chake? Na kamera isilale kwake bila maandishi.

Niuze bodi pamoja na lenzi zote?

Lenzi ya kit, ile iliyokuja na kamera, iende na bodi. Nyingine zishike mpaka ujue kamera inayofuata ni ipi.

Kwa Canon, adapta ya EF kwenda RF inafanya lenzi zako za zamani zifanye kazi kwenye mirolesi zao kwa fokasi kamili, na mara nyingi zinashika vizuri zaidi kuliko zilivyokuwa kwenye DSLR. Lenzi kama 24-105 f/4L au 70-200 f/2.8 ukiiuza leo kwa pupa utaijutia. Tofauti ni lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa vihisi vidogo. Zinaingia kwenye adapta, lakini kwenye kamera ya fulufremu (yenye kihisi kikubwa) picha inakatwa: R6 yenye megapikseli 20 inabaki na karibu 8. Hizo uza.

Kwa Nikon, adapta ya FTZ haina mota ya kuzungusha lenzi za zamani za AF-D, kwa hiyo hizo zitakuwa za kulenga kwa mkono. Jua hilo kabla hujafunga safari ya kwenda mfumo wa Z.

Haya, nichukue ipi?

Nitasema ninavyoona, kwa mtu wa shughuli za ukumbini mwenye lenzi za Canon.

Kitu cha kwanza ninachokitazama siyo fokasi wala video, ni nafasi mbili za kadi. Harusi hairudiwi. Kadi ikifa na picha za akdi au za kiapo kanisani, hakuna namna ya kumweleza mama mzazi. Kamera inayoandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja inaliondoa tatizo hilo. Kwa kigezo hiki, EOS R ya 2018, RP ya 2019 na R8 ya 2023, zote zenye nafasi moja, zinashuka kwenye orodha yangu kwa kazi ya harusi, ingawa ni kamera nzuri kwa picha za mitaani, bidhaa na familia. R6 ya 2020 ina mbili, inatuliza mtikisiko ndani ya bodi, inaona gizani, na inapokea betri zako za LP-E6 au LP-E6N kutoka 5D Mark II, 5D Mark III, 6D au 80D. Ikiwa iliyotumika na safi, ndiyo ningemwelekeza ndugu yangu.

Anayerekodi video ndefu asikilize hapa. R6 husimama kila dakika 29 na sekunde 59, kama 5D Mark III, na kwenye 4K hupata joto. R6 Mark II ya 2022 haina ukomo huo. Inaendelea hadi saa sita ukiwa na umeme na kadi. Kwa ibada nzima, mhadhara au mahafali, tofauti hiyo ina thamani ya hela inayoongezeka.

Anayeanzia sifuri, bila lenzi za kampuni yoyote, aitazame sana Sony A7 III ya 2018. Ina kadi mbili, betri yake inapiga picha kama 600 hadi 700 kwa vipimo rasmi, na lenzi za kampuni nyingine zipo nyingi. Mwenye Nikon anayetaka kadi mbili aanzie Z6 II ya 2020, kwa kuwa Z6 ya kwanza ina nafasi moja, tena ya kadi ya XQD isiyopatikana kirahisi huku.

Na usiidharau DSLR nyingine. Mwenye 600D aliyepata 5D Mark III safi kwa bei nzuri amepata pointi 61 za fokasi, nafasi mbili za kadi na bodi inayovumilia. Kama bajeti yote inaishia kwenye bodi ya mirolesi na hubaki na hela ya lenzi, chagua DSLR na lenzi.

Mirolesi zina shida gani ambazo muuzaji hatasema?

Betri. 5D Mark III kwa vipimo rasmi inapiga kama picha 950 kwa chaji. EOS R ni karibu 370, RP ni 250. Kwenye kazi utapata zaidi ya hapo, lakini nenda na betri tatu au nne, na ziwe za kweli.

Shata ya kimya. Watu huipenda kanisani, halafu wanaingia ukumbini kwenye taa za LED na kukuta picha zina mistari ya mlalo. Ni jinsi kihisi kinavyosoma picha safu kwa safu huku taa zikiwaka na kuzima haraka. Ukiwa ukumbini tumia shata ya kawaida. Kwa video, umeme wetu ni wa mizunguko 50, hivyo fremu 25 na shata 1/50 ndiyo salama.

Miale ya leza ya DJ. Kihisi cha mirolesi kiko wazi muda wote unapochungulia, na leza ikikipiga moja kwa moja inaweza kuacha nukta au mstari wa kudumu. Mkiongea na DJ kabla ya shughuli, mwombeni aielekeze juu.

Faida nayo niitaje, kwa kuwa ni kubwa kwetu: kitazamio kinakuonyesha mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe ilikuwa inadanganya vipimo vya DSLR kila siku. Sasa unaona shela inaungua, unazungusha gurudumu, unapiga.

Nikinunua iliyotumika, nikague nini?

Nenda na kadi yako, lenzi yako kama unayo, na laptopu. Piga ukuta mweupe kwa f/16 utazame vumbi. Funika lenzi piga giza kwa sekunde kadhaa, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya juu, utafute nukta zinazong'aa au mstari ulionyooka. Ukuta na giza zikionyesha alama mahali palepale hata ukisafisha, huo ni uharibifu wa kihisi. Bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu, jaza kadi zote mbili, chomeka flashi ipige mara kumi. Rekodi video dakika kumi na tano. Chungulia mlango wa lenzi na wa betri kutafuta kutu ya kijani, dalili ya maji ya chumvi. Kamera iliyoingia bahari ya Nungwi inaweza kuwaka leo na kufa mwezi ujao.

Flashi itazame hata kwenye kamera mpya. Canon 250D haina pini ya katikati kwenye kiti cha flashi, hivyo flashi na rimoti za studio zinazotegemea pini hiyo hazitawaka.

Ndugu yangu yuko Muscat, mwingine Japani. Waniletee?

Inaweza kuwa nafuu, lakini uliza lugha ya menyu kwanza. Kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani mara nyingi zina Kijapani peke yake, bila njia ya kawaida ya kubadilisha. Waranti ya huko isihesabiwe, chukulia haipo. Betri za akiba zisafiri kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa chini. Na ushuru muulizwe afisa wa forodha kabla ya safari, siyo uwanjani.

Bajeti imetosha bodi barabara. Kuna kitu nimesahau?

Kadi za kasi, adapta, na kompyuta. Faili za picha ghafi za CR3, zinazotoka kwenye mirolesi za Canon, hazifunguki kwenye Lightroom 6 na matoleo ya zamani ya programu nyingi za kuhariri picha. Video ya 4K ya H.265 itaikwamisha laptopu iliyokuwa ikihariri video za 600D bila shida. Tenga sehemu ya hela kabla ya kulipia bodi, au jipange kurekodi kwa HD mpaka kompyuta ibadilike.

Mnunuzi yuko Mwanza, mimi Dar. Nitume kwa basi?

Malipo yakishasoma kwenye akaunti, ndiyo. Toa lenzi na betri kwenye bodi, funga kila kimoja peke yake, rekodi video moja isiyokatwa ukionyesha namba ya siri, ukifunga na ukikabidhi mzigo. Tangaza kwamba ni kamera na ulipie kwa thamani yake. Kama mnunuzi anataka kukagua kwanza, na ni haki yake, atafute mpigapicha anayemwamini huku Dar aje amkagulie.

Au nisiuze, niibakize kama akiba?

Kama unapiga harusi na bodi hiyo ndiyo akiba yako ya pekee, ibakize. Kupata kazi ukiwa na kamera moja ni kumweka mteja hatarini, na bei utakayopata kwa 600D au 6D iliyochoka ni ndogo kuliko fidia ya shughuli moja iliyoharibika. Mpe msaidizi wako apige wageni wakiingia, ichajiwe na kusafishwa kama ile kubwa.

Iuze pale tu itakapokuwa ya tatu kabatini. Ikikaa miezi sita bila kuguswa, betri zinakufa, fangasi unaanza na bei inaendelea kushuka, wakati kuna kijana anayeanza ambaye angefanya nayo kazi wikiendi hii.